Rada ya Upepo na Mvua Kubwa za Garissa

Sisi watu wa pwani pepo tunazijua kwa majina: kaskazi, kusi, matlai, umande. Lakini upepo wa kimo cha kilomita moja au mbili, unaobeba unyevu wa Bahari ya Hindi kuupeleka bara, jicho haliuoni.

Rada ya upepo huuona. Mtambo huu hukaa chini ukarusha mawimbi ya redio juu, mengine wima na mengine yameinama kidogo. Hewa inayovurugika hurudisha sehemu ndogo ya mawimbi hayo. Kwa kupima jinsi masafa yake yalivyobadilika, hujulikana upepo unaelekea wapi na kwa kasi gani katika kila kimo. Puto la kupimia hewa hurushwa kwa kawaida mara moja au mbili kwa siku. Rada hupima kila baada ya dakika chache, usiku na mchana. Japani ina mtandao wa rada hizi tangu 2001, na vipimo vyake huingizwa kwenye kompyuta za utabiri.

Kwa nini Garissa? Mwaka 1969 mtaalamu J. Findlater alieleza mkondo wa upepo mkali unaopita mashariki mwa Kenya wakati wa kusi, ukaendelea Somalia hadi Bara Hindi. Garissa iko upande huo. Masika na vuli, pepo zenye unyevu zikikutana, hewa hupanda na mvua humwagika. Anayeziona zikikusanyika huweza kuonya mapema.

Hasara tumeiona. Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi. Aprili 2024 yalirudi, na mashua iliyokuwa ikivusha abiria ikazama Kona Punda, watu wakafa.

Hata hivyo tusidanganyane. Maji mengi ya Tana hutoka Mlima Kenya na Aberdare, yakapitia mabwawa kama Masinga na Kiambere. Kwa mafuriko hayo, vipimo vya mto na taarifa za mabwawa ndivyo vya kwanza. Rada hufaa zaidi kwa mvua ya ghafla inayojaza laga, na moja ya Garissa haitaona upepo wa Mandera.

Rai yangu: ziwekwe kadhaa, na onyo litolewe kwa Kisomali na Kiswahili, redioni na misikitini. Saa tatu tu zamtosha mfugaji kuwaondoa mbuzi wake kwenye laga.