Amana ya Vitu vya Kale

Ndugu msomaji, hapa Mwaya, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, masika yakishika nguo huota ukungu kabatini bila ya kuvaliwa, na kurasa za kitabu hushikamana. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kutunza vitu vya kale ni habari ya watu wa mijini peke yao.

Hata hivyo, twende kwanza Unguja. Ufukoni mwa Mji Mkongwe ipo kasri iitwayo Bait al-Sahel, yaani Nyumba ya Pwani. Manowari za Kiingereza zilipiga mizinga makasri ya pale tarehe 27 Agosti 1896, nayo ikajengwa tena; akakaa humo Seyyid Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 mpaka 1960. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikawa mali ya Serikali, na mwaka 1994 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mgeni aliona humo viti, vitanda, na chumba cha kumkumbuka Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866. Alitazama, akasifu, akatoka.

Lakini ni nani aliyekizuia kile kiti kisiliwe na mchwa? Katika nyumba kama ile wapo watu ambao mgeni hawaoni. Kabla ya milango kufunguliwa hupangusa vumbi kwa burashi laini, wakianzia juu kushuka chini. Humulika kurunzi miguuni mwa meza wakitafuta unga wa mbao, dalili ya fukusi. Huteremsha mapazia, kwa kuwa jua huipausha hariri, na rangi ikishatoka hairudi. Hewa ya bahari ina chumvi, nayo huila chuma usiku na mchana. Tena kuna daftari: kila kitu na nambari yake, kilitoka wapi, nani alikitoa, kina ufa gani. Bait al-Ajaib, jirani ya kasri hiyo, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Siku kama hiyo, pasipo daftari, nani atajua kitafutwe nini kifusini?

Wafasiri wamesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipoifungua Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, alimrudishia Uthman bin Talha ufunguo wa Al-Kaaba, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuteremka aya ya 58 ya Suratun-Nisaa, inayoamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe. Ukoo wake, Banu Shayba, unaushika ufunguo huo hata leo. Angalia, ndugu yangu: hawakupewa nyumba kuimiliki, walipewa kuitunza.

Nasema haya nami nikijilaumu. Nyumbani kwetu lilikuwapo birika la shaba la babu, limechorwa jina kwa herufi za Kiarabu. Mkesha wa Idi mmoja, kwa kutaka ling'ae, nililisugua kwa mchanga na ndimu mpaka jina likafutika. Wageni wote walisifu mng'aro wake. Babu alipapasa kwa kidole pale palipokuwa na jina, akanyamaza.

Msahafu wake ungalipo. Tumeuweka juu ya rafu, mbali na ukuta unaotoa unyevu, umefungwa kwa kitambaa cheupe cha pamba. Na katika daftari la shule tumeuandika nambari 1. Nambari 2 ni birika, na mbele yake tumeandika lile jina, kama babu alivyotutajia.