CMV: Virusi Vinavyojificha Nyuma ya Vidonda vya Utumbo

Mwaka 1961, madaktari wa Chuo Kikuu cha Chicago, akiwemo Joseph Kirsner, waliripoti kisa cha kijana mwenye maradhi mawili kwa pamoja: vidonda vya utumbo mpana na maambukizi ya virusi vya saitomegalo, CMV kwa kifupi. Taarifa hiyo ndiyo hutajwa kuwa ya kwanza kuhusu jozi hiyo ya hatari.

Alama za virusi hivyo zilionekana mapema zaidi. Mwaka 1881, Hugo Ribbert wa Ujerumani aliona kwenye figo ya kichanga seli kubwa ajabu. Katikati zina doa jeusi lililozungukwa na duara jeupe, mithili ya jicho la bundi. Waliomfuata walidhani ni protozoa. Virusi vyenyewe vilioteshwa maabara nchini Marekani katikati ya miaka ya 1950, na Thomas Weller akavipa jina mwaka 1960.

Wakati huohuo tiba ya utumbo ilikuwa ikisonga mbele. Mwaka 1955, Truelove na Witts wa Oxford walitangaza matokeo ya wagonjwa 210 wa vidonda vya utumbo mpana: asilimia 41 ya waliopewa kotisoni, dawa ya jamii ya steroidi, walipata nafuu kamili, dhidi ya 16 ya wenzao wasioipewa. Baadaye zikaja azathioprini, saiklosporini na infliksimabu.

Dawa hizi zimeokoa maisha, lakini hutuliza utumbo kwa kupunguza kinga. CMV nayo ikishaingia mwilini haitoki. Hulala humo, na Afrika wengi wetu huipata utotoni. Kinga ikilegea, huamka. Mgonjwa huharisha damu vilevile kama pale ugonjwa wake wa utumbo unapopamba moto. Akiongezewa steroidi bila kupimwa, virusi ndivyo vinavyonufaika.

Janga la UKIMWI ndilo lililosukuma upatikanaji wa tiba ya CMV. Dawa ya gansiklovir iliidhinishwa Marekani mwaka 1989 kwa CMV ya macho, kisha ikawafaa na wagonjwa wa utumbo.

Leo miongozo ya wataalamu inataka steroidi zikishindwa, vipande vidogo vya utando wa utumbo vikatwe na CMV itafutwe humo. Kipimo cha damu pekee hakitoshi. Hospitali zetu zinapoanza kutumia dawa hizi kwa wingi, zijiandae pia kwa kipimo hicho cha utando. Dawa ikigoma, mgonjwa ana haki ya kujua sababu kabla ya kuongezewa nyingine.