Asili ya Neno Kaskazini katika Mwambao wa Afrika Mashariki

Miongoni mwa maneno manne ambayo Kiswahili hutumia kutajia pande kuu za dunia, mashariki na magharibi yalichukuliwa kutoka Kiarabu yakiwa na maana ya macheo na machweo, ilhali kaskazini na kusini yalizaliwa pwani kutokana na majina ya pepo. Kaskazi ni upepo wa msimu unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na jina lake likiongezewa kiambishi cha mahali -ni hupatikana kaskazini, yaani upande unakotoka upepo huo. Upepo wa kusi, unaoshika zamu kuanzia Aprili hadi karibu na Septemba, ulitoa kusini kwa njia hiyohiyo.

Pepo hizo mbili ndizo zilizopanga maisha ya bandari. Majahazi ya Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi yaliteremka na kaskazi yakiwa na tende, nguo na vyombo vya udongo, yakarejea na kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko, pembe za ndovu na nafaka. Kati ya misimu hiyo kulikuwa na maleleji, kipindi cha upepo unaogeukageuka, na kwa kuwa kusi huwa kali mno mnamo Juni na Julai, nahodha aliyeshindwa kutweka tanga mapema alilazimika kungoja demani, wakati kusi inapotulia kuanzia mwezi Agosti.

Ni muhimu kutambua kwamba kaskazi huvuma hasa kutoka kaskazini-mashariki. Baharia wa zamani hakuona kasoro katika hilo, kwa sababu neno lake lilitaja eneo zima la upeo wa macho ambako upepo ulichomoza, na ni ramani na masomo ya shuleni yaliyokuja kulibana hadi likawa nukta moja ya dira.

Kabla ya hapo kaskazini ilikuwa na washindani, na mwenye nguvu zaidi alikuwa kibla, au kibula kama ilivyotamkwa na wengi, yaani upande anaoelekea Mwislamu katika sala. Mombasa iko katika longitudo ya digrii 39 na dakika 40 mashariki, na Makka digrii 39 na dakika 49, tofauti isiyofika hata robo ya digrii, kwa hiyo mtu wa mwambao aliyeelekea Makka alielekea kaskazini hasa, na kibla ikatumika kama jina la upande huo hata nje ya ibada. Jambo hilo linaonekana wazi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ambao mihrabu yake, iliyopambwa kwa maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, imejengwa katika ukuta wa kaskazini.

Wanamaji nao walikuwa na jaa, kutokana na jah, jina ambalo manahodha Waarabu waliipa nyota ya ncha ya kaskazini, pamoja na suheli, nyota ing'aayo sana upande wa kusini, kwa maana ya kusini. Dira yao, iliyoelezwa na nahodha Mwarabu Ahmad ibn Majid mwishoni mwa karne ya 15, iligawanywa katika sehemu 32 zilizoitwa kwa nyota zinapochomoza na kuzama. Hata hivyo nyota ya jaa haionekani kutoka Unguja wala Kilwa, zilizo kusini mwa ikweta, na yumkini hiyo ni sababu mojawapo ya neno hilo kubaki vinywani mwa wasafiri wa bahari kuu.

Misafara ya biashara ya karne ya 19 ilipokipeleka Kiswahili bara, kibla haikuweza tena kusimama mahali pa kaskazini, kwani wengi waliojifunza lugha hawakuwa Waislamu, na hata kwa Mwislamu wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, Makka iko kaskazini kwa kuegemea mashariki. Jina la upepo ndilo lililokubalika kote, likafika hadi Kongo, ambako jimbo zima huitwa Kivu ya Kaskazini.