Madaraka Mikoani: Miaka Ambayo Miji Haikuwa na Mwenyewe

Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1969, uliitaja miji tisa ya Tanzania kwa majina: Tanga, Arusha, Moshi, Mwanza, Tabora, Dodoma, Morogoro, Mbeya na Mtwara. Huko ndiko Serikali ilikotaka viwanda vipya viende, visiendelee kurundikana Dar es Salaam. Wakoloni walikuwa wamepanga reli na bandari kwa ajili ya kusafirisha pamba, mkonge na kahawa, na miji ikakua kwa kufuata njia hizo. Kijana wa Lindi au Singida aliyetafuta kazi ya mshahara alijua safari yake ingeishia wapi.

Wazo hilo halikubaki kwenye makaratasi. Tanga ilipata kiwanda cha mbolea, Arusha kiwanda cha matairi cha General Tyre, na baadaye Morogoro ikawa mji wa ngozi, viatu na maturubai. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, iliifungulia Mbeya njia ya kwenda bandarini na Zambia kwa wakati mmoja. Kila kiwanda kilivuta wafanyakazi na familia zao, na nyuma yao wauza mboga, mafundi na wenye maduka. Wote hao walihitaji viwanja, maji, mitaro ya mvua na mahali pa kutupa taka. Kazi hizo ni za halmashauri ya mji.

Ni wakati huohuo halmashauri zilipoondolewa.

Mwaka 1972 Mwalimu Julius Nyerere alitangaza mfumo uliojulikana kama Madaraka Mikoani. Washauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani walishiriki kuuandaa. Nia yake ilieleweka na wengi: maamuzi yatoke wizarani Dar es Salaam, yasogee kwa wananchi vijijini. Mikoa ikapewa wakurugenzi wa maendeleo na maofisa mipango, wilaya nazo vivyo hivyo, na baadhi ya mawaziri wakatumwa kuwa wakuu wa mikoa. Wote waliwajibika kwa Ofisi ya Waziri Mkuu, iliyokuwa chini ya Rashidi Kawawa. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, na baada ya muda mfupi za miji zikafuata. Dar es Salaam yenyewe ilipoteza halmashauri yake ya jiji, ikabaki wilaya tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke.

Madaraka yalifika mikoani kweli, lakini yalifikia mikononi mwa watumishi wa Serikali Kuu. Diwani aliyechaguliwa na watu wa kata yake hakuwapo tena. Mkazi wa Moshi au Tabora aliyekuta mtaro umeziba mbele ya nyumba yake hakuwa na mtu wa mtaani kwake ambaye angeweza kumdai jibu. Mkurugenzi wa maendeleo alikuwa na wilaya nzima ya kuhudumia, na maelekezo aliyopewa yaliweka vijiji mbele. Hii ilikuwa miaka ya Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu wakihamishiwa kwenye vijiji vipya. Katika hali hiyo, gari la taka la mjini au taa ya barabarani vilikuwa vya mwisho kufikiriwa.

Miji, hata hivyo, haikungoja. Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Dar es Salaam na wakazi zaidi ya 270,000. Iliyofuata, ya mwaka 1978, ilihesabu zaidi ya 750,000. Watu wote hao walipata mahali pa kulala, na wengi walipapata nje ya mpango wowote. Kiwanja kilinunuliwa kwa mwenye shamba, hatua zikahesabiwa kwa miguu, mnazi au mwembe ukawa mpaka, na karatasi ya mauziano ikasainiwa mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Utaratibu huo uliwasaidia maskini kuliko ofisi yoyote ya ardhi, kwa sababu ulikuwa wa haraka na uliaminika. Ulichokosa ni mtu wa kusema: hapa iachwe barabara, pale iachwe nafasi ya shule.

Mwaka huohuo wa 1972 Baraza la Mawaziri lilichukua uamuzi unaostahili kukumbukwa zaidi ya unavyokumbukwa. Tangu kuundwa kwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, sera ilikuwa kubomoa nyumba za makuti na udongo na kujenga mpya mahali pake. Sasa Serikali ikakubali kwamba nyumba ya mlalahoi ni mali na haifai kubomolewa ovyo. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Manzese ya Dar es Salaam ikaboreshwa kwa barabara na maji bila kufukuza watu wote, na viwanja vya Sinza na Kijitonyama vikapimwa kabla wajenzi hawajafika. Anayetembea leo kutoka Manzese hadi Sinza anaiona tofauti ya mawe ya mipaka yaliyotangulia na yale yaliyochelewa, ingawa maeneo hayo yako jirani kabisa.

Wakati miji ikihangaika, mikoa ilikuwa ikipangwa kwa bidii kubwa. Serikali iliwaomba wahisani wasaidie kuandaa mipango ya maendeleo ya mkoa mzima, na wakagawana nchi: Ujerumani Magharibi ikachukua Tanga, Ufini Mtwara na Lindi, Japani Kilimanjaro, na Benki ya Dunia Kigoma. Wataalamu walikuja na vipimo vyao, wakaandika juzuu nene kuhusu udongo, mvua, mito, barabara na idadi ya watu. Kazi yao ilikuwa ya kweli, na baadhi ya takwimu hizo zilitumika kwa miaka mingi.

Kilimanjaro inaonyesha uzuri na udhaifu wa njia hiyo. Mpango wa mkoa uliotayarishwa na Wajapani miaka ya 1970 ulizaa mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa katikati ya miaka ya 1980 kwenye vijiji vya tambarare kama Mabogini na Chekereni. Mpunga ulistawi kupita matarajio. Mavuno yalivuka tani 6 kwa hekta, kiwango ambacho wakulima wa Tanzania hawakukizoea. Majirani walioishi juu ya mto, nje ya mpaka wa mradi, waliyaona mafanikio hayo. Nao wakachimba mifereji yao na kulima mpunga uleule. Maji yakapungua kabla ya kufika kwenye banio la mradi, na sehemu ya mashamba yaliyopangwa kumwagiliwa ikabaki kavu. Wahandisi walikuwa wamepanga mashamba na mifereji kwa ustadi. Hawakuwa na chombo cha wananchi, wa juu na wa chini ya mto pamoja, cha kugawana maji ya mto mmoja.

Kwa upande wa miji, Serikali ilirudisha chombo cha wananchi mapema kuliko wilayani. Kufikia mwaka 1978, baada ya miaka ya taka kurundikana, mitaro kuziba na kipindupindu kuingia nchini, sheria iliyorudisha halmashauri za miji ilipitishwa. Sheria kamili za serikali za mitaa zilifuata mwaka 1982, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena. Mwaka huohuo wa 1984, katika mahojiano na jarida la Third World Quarterly, Nyerere alisema kwamba kama angeanza upya kuna mambo mawili asingeyafanya: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Ni viongozi wachache walioko madarakani wanaosema hivyo, na kauli yake ina uzito kuliko tathmini nyingi za wataalamu.

Halmashauri zilirudi, lakini maofisa wenye uzoefu walikwisha kutawanyika na mapato yalikuwa madogo. Ramani ya mpango mji iliyochorwa wilayani bado ilisafiri hadi wizarani kutafuta idhini, na kabla ya kurudi, wananchi walikuwa wameshajenga juu ya barabara iliyokusudiwa. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ndiyo iliyozitambua halmashauri kuwa mamlaka za upangaji katika maeneo yao.

Dodoma ilichukua muda mrefu zaidi kufika hapo. Tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu huko, ardhi ya mji ilikuwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyoupa mji mpango wake mkuu wa mwaka 1976 na barabara pana ambazo miji mingine inazitamani. Lakini mamlaka hiyo haikuchaguliwa na mkazi yeyote, na migogoro ya viwanja kati yake na wenyeji ilidumu miaka mingi. Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja, shughuli zake zikahamishiwa Manispaa ya Dodoma, na akaagiza kwamba hati za miaka 33 zilizokuwa zikitolewa zibadilishwe kuwa za miaka 99. Tangu hapo, kupanga, kupima na kugawa viwanja vya makao makuu ya nchi kumekuwa kazi ya halmashauri yenye madiwani.