Krosi Isiyofika: Samatta wa Mbagala katika Mpira wa Kiingereza

Mwaka 2020, katika mabaraza ya Msasani kama katika mabaraza yote ya Dar es Salaam, lilivuma neno moja: Samatta ananyimwa pasi. Lilisemwa kwa uchungu, na uchungu wenyewe ulipita mipaka ya mpira. Ndani yake mlikuwa na tuhuma kwamba kijana wa Kiswahili ameingia nyumba ya watu, amekaribishwa mlangoni kwa bashasha, kisha akatengwa wakati wa kula. Tuhuma kama hiyo haistahiki kupuuzwa. Lakini wala haistahiki kupokewa bila ya kupimwa, kwa sababu ikikubaliwa hivi hivi humgeuza Mbwana Ally Samatta kuwa mtu wa kuhurumiwa, na huyo ni mtu ambaye hakufika Uingereza kwa huruma ya yeyote.

Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 23 Desemba 1992, akalelewa Mbagala, katika Temeke. Alipitia African Lyon na Simba, na mwaka 2011 akavuka kwenda Lubumbashi kuichezea TP Mazembe, katika mji ambao Kiswahili husemwa sokoni na majumbani, ingawa kwa lafudhi nyingine. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa ubingwa wa klabu za Afrika na yeye alikuwa miongoni mwa wafungaji wakuu wa mashindano. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa mwaka kwa wale wanaocheza ndani ya bara hili. Mwezi huo huo akaenda Genk, Ubelgiji. Huko, katika msimu wa 2018/19 chini ya kocha Philippe Clement, alifunga mabao 23 ya ligi na Genk wakawa mabingwa. Novemba 2019 akafunga Anfield, nyumbani kwa Liverpool, kwa kichwa.

Alicheza vipi huyu mtu? Jibu lake huonekana vizuri zaidi katika mpira wanaouanza watoto wa jiji lile. Msasani ilikuwa kijiji cha wavuvi kabla haijawa mtaa wa mabalozi na wa nyumba ya Mwalimu Nyerere, na kadiri kuta zilivyopanda ndivyo watoto walivyobakiwa na ufuo, na ufuo wenyewe kwa hisani ya maji kupwa. Mbagala, upande wa pili wa jiji, hakuna ufuo wa namna hiyo, ila kuna vichochoro na viwanja vya vumbi. Pote pawili mchezo ni ule ule: chandimu, mpira wa makaratasi na matambara, goli la mawe mawili, na wachezaji wengi mahali padogo. Katika chandimu hakuna anayekimbia kwa ajili ya kukimbia. Anayejua hujificha nyuma ya beki, hungoja, na mpira unapozubaa hutokea yeye. Chandimu ni shule ya ujanja na ya kuvizia, na humfundisha mtoto kwamba mpira upo ili uguswe. Huko Genk Samatta alicheza pamoja na viungo kama Ruslan Malinovskyi na Alejandro Pozuelo, na winga kama Leandro Trossard, ambao kazi yao ilikuwa kuufikisha mpira pale pale alipokuwa anavizia.

Mpira wa Kiingereza ulikua kwa imani tofauti. Zamani walikuwako makocha huko walioamini kwamba mchezaji asipewe mpira katikati ya wiki, akimbizwe tu kuzunguka uwanja, ili Jumamosi awe na njaa nao. (Mtoto wa Msasani, ambaye hana kiatu wala kocha lakini mpira anao kutwa, angestaajabu.) Mwaka 1950 Charles Reep, afisa wa jeshi la anga, alianza kuorodhesha matukio ya mechi kwa karatasi na kalamu, na hatimaye akahitimisha kwamba mabao mengi hutokana na mashambulizi ya pasi tatu au pungufu. Hakuipa uzito hoja nyepesi kwamba mashambulizi mengi ya aina yoyote huishia kabla ya pasi ya nne, kwa hiyo mabao nayo hapana budi yawe mengi humo. Charles Hughes, aliyesimamia mafunzo ya ukocha katika chama cha mpira cha England, alieneza fikra zinazokaribiana na hizo, akazitolea kitabu mwaka 1990. Mshambuliaji wa kati katika mafundisho haya alikuwa kibarua kwanza na mfungaji baadaye: apokee mpira mrefu kwa kifua, agombane na mabeki, ahangaike.

Wageni hawakupata fursa ya kuyapinga mafundisho hayo kwa muda mrefu, kwa kuwa tangu mwaka 1931 hadi 1978 mchezaji asiyezaliwa raia wa himaya ya Kiingereza alitakiwa kwanza akae nchini miaka miwili. Sharti lilipoondolewa, mwaka 1978 ule ule, yalijitokeza mambo mawili yanayofaa kuwekwa pamoja. Alberto Tarantini, beki wa Argentina aliyekuwa ametoka kutwaa Kombe la Dunia, alisajiliwa na Birmingham City. Hakumaliza hata mwaka, na timu ikashuka daraja. Ipswich nao walimchukua Mholanzi Arnold Mühren, na mwaka uliofuata mwenzake Frans Thijssen. Na kocha Bobby Robson, alipoona mpira unapita juu ya vichwa vya watu aliowanunua kwa ajili ya miguu yao, alibadilisha uchezaji wa timu nzima upitie kwao. Mwaka 1981 Ipswich walitwaa Kombe la UEFA. Hapana shaka Tarantini hakuwa mchezaji hafifu kuliko Mühren. Tofauti ni kwamba mmoja alitakiwa kuifuata njia, na mwingine njia ilimfuata.

Samatta alifika katika jiji lile lile la Birmingham, kwa majirani na mahasimu wa klabu ya Tarantini, tarehe 20 Januari 2020. Aston Villa walimnunua kwa dharura. Siku ya mwaka mpya mshambuliaji wao Wesley, Mbrazili wa miraba minne aliyezoea kucheza akilipa lango mgongo, aliumia goti huko Burnley. Kwa hiyo Samatta hakununuliwa ili timu ijengwe kumzunguka. Alinunuliwa kuziba pengo lenye umbo la mtu mwingine.

Kocha Dean Smith hakuwa mtu wa kumwonea mgeni. Ni mzaliwa wa West Bromwich, baba yake alikuwa mhudumu wa mashabiki katika uwanja wa Villa, na Mei 2020 mzee huyo alifariki kwa korona wakati mwanawe akiandaa timu ya kuepuka kushuka. Timu iliyo karibu na shimo haina muda wa kumsoma mtu. Villa walimtaka mshambuliaji mmoja wa mbele awafukuze mabeki, ashike mpira mpaka wenzake wafike, na mashambulizi yenyewe yapitie kushoto kwa nahodha Jack Grealish, ambaye aghalabu hukaa na mpira mguuni hadi aangushwe. Katika mpango huo pasi ya kumfikia mviziaji haikuwemo, na kwa hiyo hakuna aliyeificha. Keinan Davis, kijana wa Kiingereza aliyegawana naye nafasi hiyo, alicheza mechi 18 za ligi msimu ule bila ya bao hata moja. Huyo naye nani alimnyima?

Ushahidi ulio bora ni mabao yenyewe. Samatta aliifungia Villa mawili tu, yote kwa kichwa, yote karibu na lango: la kwanza Bournemouth tarehe 1 Februari, la pili Wembley tarehe 1 Machi, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Ilikuwa saa moja na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki mechi ilipoanza. City walikwisha kuongoza 2-0 pale Anwar El Ghazi alipoinua krosi, na Samatta, akitokea mahali ambapo beki hakumtazamia, akajirusha. Alitokea kama atokeavyo mtoto wa chandimu. Villa walifungwa 2-1.

Siku chache baadaye korona ilisimamisha ligi. Iliporejea Juni, bila ya watazamaji, Villa walikuwa wameitumia likizo kuyapanga upya mambo ya ulinzi, na mpango huo uliwaokoa: tarehe 26 Julai walitoka sare 1-1 na West Ham wakabaki daraja kwa pointi 35. Mtu hawezi kusema Smith alikosea. Lakini mshambuliaji alizidi kuwa mlinzi wa kwanza, na Samatta hakufunga tena. Hesabu yake Villa ilisimama katika mechi 16.

Septemba klabu ilimnunua Ollie Watkins kwa pauni milioni 28. Watkins hakuhitaji kufundishwa njia, kwani Smith mwenyewe ndiye aliyekuwa kocha wake Brentford tangu 2017. Tarehe 25 mwezi huo Samatta alikwenda Istanbul kuichezea Fenerbahçe. Siku tisa baadaye Villa waliifunga Liverpool 7-2, na Watkins akafunga matatu.