Maji Yachemshwe kwa Moto Gani?

Mwezi wa Julai, kusi inapovuma hapa Tanga, chupa ya mafuta ya nazi huamka imeganda, nyeupe kama nta. Mama huitoa nje na kuiweka juani. Haupiti muda mrefu, mafuta yanaanza kulegea pembeni, yanaachana na chupa wakati katikati bado pagumu. Mafuta mazito ya petroli yana tabia hiyohiyo. Yamejaa tele ardhini ila hayatembei, na anayeyataka huyapelekea joto la mvuke.

Venezuela walijifunza kwa ajali. Mwaka 1959, huko Mene Grande, kampuni ya Shell walikuwa wakisukuma mvuke ardhini ukapasua njia na kuchomoza juu. Wahandisi wakafungua visima vilivyopokea mvuke ili kupunguza shinikizo, yakatoka mafuta kwa wingi. Tangu hapo kisima kimoja hufanya kazi mbili: hushindiliwa mvuke, hufungwa joto lipenye kama wali uliopaliwa makaa, kisha hufunguliwa kutoa mafuta. Yakipungua, mvuke unarudishwa.

Kule Alberta, Kanada, lami imeshikamana na mchanga wa baridi. Roger Butler, mhandisi wa Imperial Oil, aliamua kuutumia uzito wa lami yenyewe. Visima viwili huchimbwa kwa ulalo, kimoja kama mita 5 juu ya mwenzake. Mvuke hutoka kwenye kile cha juu, hupanda na kutanuka. Lami inayoyeyuka huchuruzika pamoja na maji hadi kisima cha chini. Kwa ufundi, sijaona unaoshinda huu: mvuke unapanda, mafuta yanashuka, wala havigombanii njia. Kinachoniuma ni moto wake. Pipa moja la mafuta hudai mapipa mawili, matatu ya maji yaliyogeuzwa mvuke, na kwa kawaida maji hayo huchemshwa kwa gesi asilia. Moshi umeshapaa kabla pipa halijafika kiwandani.

Waomani, ambao wengi wetu tuna jamaa kwao, waliligusa swali hilo la moto. Katika eneo la Amal, kusini mwa nchi, mradi wa Miraah uliotangazwa 2015 uliweka vioo virefu vilivyopinda ndani ya mabanda ya kioo, kama yale ya kukuzia mboga. Vioo hufuata jua na kulikusanya kwenye bomba la maji. Banda huzuia upepo na mchanga, kwa hiyo vioo vinaweza kuwa vyepesi, na paa huoshwa kwa mashine. Usiku jua halipo, gesi inashika zamu. Lakini mwamba hutunza joto: mvuke ukiwa mwingi mchana na haba usiku, chini mafuta yanaendelea kulainika. Hilo ndilo jambo kubwa nililoliona Oman. GlassPoint, kampuni iliyojenga vioo hivyo, iliingia kwenye ufilisi 2020. Sikubali kwamba fikra yake ilifilisika nayo.

Nasi swali hili la moto limeshatufikia mlangoni. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga limesanifiwa lipashwe joto kwa umeme njia nzima, yasije yakaganda kama yale ya chupa ya mama.