Mtawa Aliyeshusha Darubini Barabarani

Mwaka 1807 mshairi Mwingereza William Wordsworth alichapisha shairi kuhusu umati uliokusanyika mbele ya darubini katika uwanja wa Leicester, jijini London. Mwenye darubini alikuwa mchuuzi: lipa, chungulia, mpishe mwenzako. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1935, Los Angeles ilifungua kituo cha Griffith, ambako hadi leo watu hutazama anga bure kupitia darubini ya inchi 12. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, ila kituo kiko mlimani na mtazamaji sharti akifuate. Aliyegeuza mambo, darubini ikamfuata mtu pale anapopita tena bila malipo, alikuwa mtawa asiye na fedha aliyeitwa John Dobson.

Alizaliwa Beijing mwaka 1915, mtoto wa wamisionari, na familia yake ikahamia San Francisco mwaka 1927. Alisomea kemia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1944 alijiunga na watawa wa Vedanta, wafuasi wa mafundisho ya Kihindu ya Ramakrishna. Akiwa huko, mwaka 1956, alisaga kioo cha darubini cha inchi 5 kutoka katika kioo kinene cha dirisha la meli kuukuu. Alipoielekeza darubini hiyo mwezini na kuona milima na mashimo yake, alishikwa na wazo moja ambalo halikumtoka tena hadi kufa: kila mtu lazima aone haya.

Alihamishiwa Sacramento, na huko akawa anatoka usiku kwa siri akisukuma darubini yake yenye magurudumu kwenda kuwaonyesha majirani. Kwa kuwa shughuli hiyo haikupendwa ndani ya nyumba ya watawa, katika barua kwa rafiki zake darubini aliziita maua ya jeraniamu. Ua la kwenye chungu lilikuwa darubini iliyokwisha kufungwa kwenye sanduku lake. Ua lililochanua lilikuwa darubini ambayo kioo chake kimepakwa alumini. Mwaka 1967 aliondolewa utawani, akarudi San Francisco bila mali yoyote ya maana.

Ufukara huo ndio uliozaa uvumbuzi. Siku hizo mwanafalaki wa ridhaa aliyetaka darubini ya maana alihitaji kitako kizito cha chuma, kilichoinamishwa sambamba na mhimili wa dunia, na mara nyingi chenye mtambo wa kuizungusha. Kitako hicho kiligharimu pesa nyingi, na kukihamisha kulihitaji wanaume wenye nguvu. Dobson alitumia plaiwudi. Bomba lake lilikuwa la boksi gumu, lile ambalo mafundi ujenzi humwagia zege wanapotengeneza nguzo. Bomba lilikaa ndani ya sanduku la mbao, likipanda na kushuka kama mzinga wa kivita, na sanduku zima likazunguka juu ya ubao wa chini. Katikati ya sehemu zinazosuguana aliweka vipande vya tefloni, kwa hiyo darubini kubwa ilisogezwa kwa kidole na kusimama palepale ilipoachwa. Hakuomba hataza. Alidai kwamba mizinga ilishafungwa kwa mtindo huohuo kwa muda mrefu, hivyo hakuwa na cha kujimilikisha. Leo viwanda duniani kote vinatengeneza darubini za mtindo huo, na zinaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1968 Dobson na vijana wawili waliokuwa wanafunzi wake walianzisha kikundi cha Wanafalaki wa Kando ya Barabara. Usiku usio na mawingu walisimama kwenye makutano ya barabara za Jackson na Broderick, wakiwaita wapita njia. Hakuna aliyetozwa. Taa za mji huzima nyota hafifu, lakini haziwezi kuuficha mwezi, pete za Zohali, wala miezi minne mikubwa ya Mshtarii; kwa hiyo kona ya mtaa ilitosha. Baadaye walipakia darubini, mojawapo yenye kioo cha inchi 24, wakazipeleka katika hifadhi kama Yosemite na Grand Canyon, kwenye giza la kweli.

Dobson alikuwa na msimamo wake kuhusu asili ya ulimwengu. Aliikataa nadharia ya mlipuko mkuu, na katika hilo wanasayansi walio wengi hawakukubaliana naye. Ushahidi uko upande wao. Lakini mchango wake hauko katika nadharia, uko katika sanduku la mbao na foleni ya watu. Alifariki Januari 2014 akiwa na umri wa miaka 98.

Kazi ya namna hiyo imefika kwetu Afrika Mashariki. Nchini Kenya, Susan Murabana na mumewe Chu Owen, kupitia shirika lao la Travelling Telescope, wamekuwa wakipeleka darubini shuleni na kwenye mikusanyiko ya watu. Shule au chuo chenye darubini iliyofungiwa stoo kiitoe nje siku ya saba au ya nane ya mwezi mwandamo, mara jua linapozama. Wakati huo vivuli virefu huonyesha milima ya mwezini vizuri kuliko wakati wa mwezi mpevu. Isimamishwe karibu na kituo cha daladala au lango la soko, na watu waitwe waje kutazama bure.